Umegongwa na dereva mlevi: namna ya kudai haki yako, hatua kwa hatua

Mtu akigongwa na dereva aliyelewa, ndugu na majirani hudhani kesi imeshajimaliza. Dereva ananuka pombe, polisi wamemchukua, watu wameona kwa macho yao, sasa kuna nini tena cha kupigania? Miezi inapita. Dereva anakiri kosa, anatozwa faini, faini inaingia serikalini. Majeruhi bado ana vyuma mguuni na deni la hospitali, na hakuna aliyemlipa hata senti.

Wanaofikia hapo mara nyingi wameponzwa na mambo mawili. La kwanza, ushahidi wa ulevi unayeyuka mwilini mwa dereva saa kwa saa, wakati wewe uko kwenye machela. La pili, kesi ya polisi si kesi yako. Ukiyashika hayo mawili, hatua nyingine zote utazielewa kirahisi. Sheria hazifanani nchi zote, kwa hiyo mifano nitaichota sehemu mbalimbali; ichukue kama maswali ya kwenda nayo kwa wakili wa mahali ulipo.

Hatua ya 1: Saa za mwanzo

Matibabu kwanza, hata kama unajiona mzima. Mtikisiko wa ubongo na damu inayovujia ndani vinaweza kujificha kwa saa kadhaa. Kuna sababu ya kisheria pia: pengo kati ya siku ya ajali na cheti cha kwanza cha daktari ndilo mwanasheria wa bima atakalolishikia bango. Mtajie daktari kila mahali panapouma, hata kidole. Kisichoandikwa siku ile kitaitwa maumivu ya kujitungia.

Ukipiga simu polisi, au anayekusaidia akipiga, itamkwe wazi kwamba dereva anashukiwa kulewa. Ukisema "kuna ajali" tu, askari wanaweza kuja, wakachora mchoro, wakapima umbali wa magari na kuondoka bila kumpulizisha mtu yeyote.

Halafu kuna yule dereva, au shemeji yake aliyefika mbio, anayekuvuta pembeni: "Ndugu yangu, ya nini kufika kwa polisi? Nitakutibu mwenyewe, tuyamalize sisi kwa sisi." Huenda ana nia njema. Lakini kila dakika ya mazungumzo hayo inamfaidisha yeye. Kwa wastani, mwili huondoa pombe kiasi cha gramu 0.015 kwa kila desilita ya damu kwa saa. Piga hesabu: aliyekuwa na 0.08 wakati anagonga, akipimwa saa 5 baadaye atakuwa na takriban 0.005. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kisizidi 0.05 kwa madereva kwa jumla, na 0.02 kwa vijana na wale wapya kwenye usukani. Kwa hiyo ubishani wa usiku mmoja unatosha kumfanya mlevi aonekane msafi kwenye karatasi. Wataalamu wanaweza kurudisha hesabu nyuma, wakikisia alikuwa na kiasi gani wakati wa ajali, lakini wanahitaji kipimo cha kuanzia. Bila sampuli hawana cha kurudisha.

Jihadhari pia na utetezi mmoja wa zamani ambao bado unatumika: "Nilikuwa mzima, nilikunywa baada ya ajali ili kutuliza mshtuko." Mara nyingi unavunjwa na mashahidi. Anayekusaidia aandike iwapo dereva aliondoka eneo la tukio, kama alionekana akinywa chochote, na ni nani walikuwa naye hadi polisi walipofika.

Hatua ya 2: Andika ulichokiona, si ulichohitimisha

"Alikuwa amelewa chakari" ni maoni yako, na wakili wa upande wa pili atayapangusa kwa swali moja. "Alitoka garini akashikilia mlango ili asianguke, funguo zikamponyoka mara mbili, akaniuliza jina langu, nikamjibu, akaniuliza tena" ni ushahidi. Macho mekundu, maneno yanayokokotwa, harufu, kujikojolea, kulala kwenye usukani: andika kimoja kimoja, na saa yake, mkiwa bado mnakumbuka. Mashahidi nao waandike wenyewe, kila mtu kivyake. Taarifa nne zenye maneno yaleyale zinanuka kupangwa kuliko hata zingepingana kidogo.

Piga picha ndani ya gari kupitia kioo: chupa, makopo, vikombe. Piga picha ya barabara yote kabla magari hayajasogezwa, ikiwemo lami nyuma ya gari lililogonga. Pasipo na alama za breki, huenda dereva hakushika breki kabisa, ingawa magari yenye breki za kisasa zinazozuia tairi kufunga huacha alama hafifu, kwa hiyo usiijengee kesi nzima juu ya hoja hiyo.

Kamera ndizo watu husahau. Za maduka, vituo vya mafuta na mabasi kwa kawaida hujifuta zenyewe baada ya siku chache au wiki chache, picha mpya zikiandikwa juu ya za zamani. Usingoje wakili. Mtu wa familia apeleke barua siku hiyohiyo au kesho yake, ikitaja tarehe, saa na kamera gani, na kuomba picha zihifadhiwe. Abaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Wakigoma kukupa picha si kitu, mahakama inaweza kuziagiza baadaye; cha muhimu ni wasizifute, na barua ile ndiyo inayowazuia kusema hawakujua.

Hatua ya 3: Jua ni kipimo gani kilichukuliwa

Hapa kesi nyingi huchanganyika, kwa hiyo twende taratibu. Kile kifaa kidogo cha mkononi ambacho askari humpulizisha dereva barabarani, katika nchi nyingi, kazi yake ni kuchuja tu: kinampa askari sababu ya kumkamata. Kipimo cha mahakamani hutoka kwenye mashine ya kituoni au kwenye damu. Usiridhike kuambiwa "alipimwa, akakutwa nacho." Uliza alipimwa kwa nini, saa ngapi, na karatasi iko wapi.

Ile karatasi ya mashine ina mambo ambayo mawakili hugombania: namba ya mashine, tarehe iliyohakikiwa mara ya mwisho, saa ya kila pumzi, na kwa kawaida matokeo mawili yanayotakiwa yasiachane sana. Mashine ambayo haikuhakikiwa kwa wakati ni zawadi kwa utetezi.

Damu iliyochukuliwa hospitalini kwa ajili ya matibabu ya dereva ni kitu kingine tena. Maabara nyingi za hospitali hupima maji ya damu yaliyotenganishwa na chembechembe, na kiwango cha pombe humo huwa juu ya kile cha damu kamili, mara nyingi kwa zaidi ya asilimia 10. Namba ya hospitali haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na kikomo cha sheria bila mtaalamu kuibadilisha. Pia hospitali haina mazoea ya kuandika sampuli ilipita mikono ya nani na nani, jambo ambalo polisi hulazimika kulifanya. Hata hivyo ni bora kuliko kukosa. Mwambie wakili wako mapema kwamba dereva naye alilazwa, ili aombe amri ya mahakama kabla kumbukumbu hazijapotea.

Na kama dereva alikataa kupimwa? Sehemu nyingi kukataa bila sababu ya maana ni kosa linalojitegemea, na mahakama ya madai inaweza kuchukulia kukataa huko kama dalili ya ulevi. Kama hakupimwa kabisa, usikate tamaa. Risiti ya baa, malipo ya simu, mhudumu aliyemhudumia na picha za kamera ya mlangoni vinaweza kujenga usiku mzima wa dereva, glasi kwa glasi.

Hatua ya 4: Tofautisha kesi mbili

Kesi ya jinai ni ya dola dhidi ya dereva. Wewe humo ni shahidi. Kusudi lake ni adhabu: faini, kifungo, kunyang'anywa leseni. Shauri la madai ni lako wewe dhidi ya dereva na wengine wanaowajibika, na kusudi lake ni fidia. Mizani ya ushahidi nayo haifanani. Kwenye jinai kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Kwenye madai, katika nchi zenye mfumo wa sheria wa Kiingereza, inatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi ilikuwa hivyo kuliko kinyume chake. Ndiyo maana dereva anaweza kuachiwa huru asubuhi na bado akakulipa fidia mwaka unaofuata. Ukisikia ameachiwa, usirudi nyumbani ukafunga faili.

Akitiwa hatiani, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Katika nchi nyingi za mfumo huo hukumu hiyo hupokelewa kama ushahidi kwenye shauri lako, na unabaki kubishania kiasi cha fidia, si nani mwenye kosa. Ufaransa na nchi nyingine za mfumo wa Ulaya bara zina njia fupi zaidi: majeruhi huruhusiwa kujiunga na kesi ya jinai kama mdai, na mahakama ileile ikaamua adhabu na fidia. Hata pasipo na utaratibu huo, muulize mwendesha mashtaka mambo mawili kabla ya hukumu: je, mahakama inaweza kuamuru dereva akulipe fidia papo hapo, na je, unaruhusiwa kueleza jinsi ajali ilivyokuathiri? Fidia ya namna hiyo huwa ndogo, lakini hufika mapema.

Hatua ya 5: Orodhesha wote wanaoweza kuwajibika

Dereva ni wa kwanza, na mara nyingi ndiye mwenye mfuko mwepesi kuliko wote. Endelea kutafuta. Mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mfanyakazi wake aliyekuwa kazini, na dereva wa lori la mzigo ni tofauti na mtu aliyechukua gari la kazini kwenda harusini. Mwenye gari aliyemkabidhi funguo mtu anayeyumba mbele yake naye ana maswali ya kujibu.

Baa je? Inategemea nchi. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria zinazomruhusu majeruhi kumdai muuza pombe aliyeendelea kumhudumia mteja aliyeonekana wazi kuwa amelewa. Canada, mahakama zimetambua wajibu wa mwenye baa tangu miaka ya 1970, lakini mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mwenyeji wa sherehe ya nyumbani kwa kawaida habebi mzigo huo kwa watumiaji wengine wa barabara. Kwingineko madai dhidi ya baa hayana mguu kabisa. Swali la kumpelekea wakili ni hilo, na mpelekee mapema, kwa sababu ushahidi wa baa ni ule unaofutika kwanza.

Hatua ya 6: Bima, na uvumi unaowarudisha watu nyumbani

Utasikia, pengine hata kutoka kwa wakala wa bima: "Dereva alikuwa amelewa, kwa hiyo bima imekufa." Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Kwa dereva mwenyewe bima inaweza kukataa kutengeneza gari lake. Kwa majeruhi mambo ni mengine. Bima ya lazima ya mtu wa tatu iliwekwa kumlinda aliye nje ya mkataba, na nchi nyingi haziruhusu kampuni kumnyima yeye kwa kosa la mteja wao. Kampuni inakulipa wewe, kisha inamgeukia dereva wake kudai ilichotoa. Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2009 kuhusu bima ya magari yamebatilisha hata kifungu kinachomtupa nje abiria eti alijua dereva amelewa.

Kwa hiyo pata namba ya bima ya gari kutoka polisi, uiandikie kampuni mapema, na usitegemee dereva ataripoti. Katika baadhi ya nchi sheria inadai kampuni ipewe notisi ya kesi ndani ya siku chache. Ukichelewa, unaweza kushinda mahakamani na kampuni isibanwe kulipa.

Gari lisipokuwa na bima, au dereva akikimbia, uliza kama kuna mfuko wa fidia. Uingereza wana chombo cha namna hiyo tangu mwaka 1946, na nchi nyingi zimeiga. Kagua pia bima yako mwenyewe. Huenda ina kipengele cha kukukinga dhidi ya wasio na bima na hujawahi kukisoma.

Hatua ya 7: Hesabu hasara kwa miaka ijayo

Gharama zilizokwisha lipwa ni rahisi: risiti za hospitali, dawa, usafiri wa kliniki, mshahara uliokatwa. Kila kitu kiwe na karatasi, maana mahakama nyingi haziamuru kurudishiwa fedha isiyo na uthibitisho. Ngumu ni ya mbele. Chuma cha mguuni kitatolewa lini na kwa gharama gani? Goti litabadilishwa? Utarudi kwenye kazi ileile? Dada yako aliyeacha biashara akuuguze, muda wake nao una thamani, na mifumo kadhaa ya sheria huuhesabu.

Maumivu na kupotea kwa raha ya maisha pia hufidiwa. Weka daftari. Mistari miwili kila siku inatosha: "Leo nimeshindwa kupanda ngazi, mtoto amenivalisha soksi." Baada ya mwaka hutakumbuka hayo, na wakili wa bima ataomba mfano.

Sehemu fulani, hasa majimbo mengi ya Marekani, mahakama inaweza kuongeza fidia ya adhabu kwa kuwa dereva aliendesha akijua amelewa. Kwingine haipo au ni adimu sana. Na kama aliyegongwa amefariki, wategemezi wana dai lao wenyewe, na mirathi yake ina jingine. Teueni msimamizi wa mirathi bila kuchelewa, kwa sababu bila yeye kuna mashauri hayafunguki.

Hatua ya 8: Karatasi ya kitandani

Hatua hii isome mara mbili. Wiki ya kwanza au ya pili atakuja mtu mwenye adabu kutoka kampuni ya bima. Atakupa pole, atauliza watoto wanaendeleaje, kisha atatoa fomu na kalamu. Fedha anayoitaja itaonekana nyingi, kwa sababu hospitali inadai leo. Chini ya fomu kuna sentensi inayosema unapokea kiasi hicho kama malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hutadai tena lolote kutokana na ajali hiyo. Ukisaini, kwa kawaida umefunga mlango, hata kama mwezi ujao daktari atasema nyonga imeoza na inahitaji upasuaji.

Usisaini kabla daktari hajaandika kwamba hali yako imetulia na kilichobaki ni cha kudumu. Ukiwa na shida ya fedha kweli, omba malipo ya awali yanayoandikwa wazi kuwa ni sehemu tu ya madai. Usikubali pia kurekodiwa maelezo ukiwa umelewa dawa za maumivu. Mwambie kwa upole: "Asante kwa kuja, wakili wangu atawasiliana nanyi." Hata kama wakili huyo bado hujampata.

Hatua ya 9: Jiandae kwa lawama zitakazokurudia

Mkanda hukufunga. Ulivuka gizani ukiwa na nguo nyeusi. Ulipanda gari ukijua dereva amekunywa. Hoja hizi haziui dai katika nchi nyingi, zinalipunguza. Mahakama za Uingereza miaka ya 1970 ziliweka vipimo vinavyonukuliwa hadi leo: asilimia 25 hupunguzwa kama mkanda ungezuia majeraha yote, 15 kama ungeyapunguza, na abiria aliyekunywa pamoja na dereva kisha akapanda gari lake alikatwa 20. Ufaransa, sheria ya mwaka 1985 inamlinda zaidi mtembea kwa miguu na abiria: uzembe wao wa kawaida hauwapunguzii fidia ya majeraha ya mwili. Yapo majimbo machache ya Marekani ambako kosa lako dogo linaweza kulifuta dai lote. Mweleze wakili wako ukweli wote kabla hajausikia kwa mpinzani.

Mtandaoni kaa kimya. Picha moja ukicheka kwenye sherehe itawekwa mezani kuonyesha kwamba huumwi.

Hatua ya 10: Ukomo wa muda

Kufungua shauri la madai kuna siku ya mwisho. Jimboni Tennessee, Marekani, kwa kawaida ni mwaka 1. California miaka 2, lakini dai dhidi ya gari la serikali hutakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 6. Uingereza miaka 3, na kwa mtoto huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18. Tafuta namba ya kwenu wiki hii. Mazungumzo na bima kwa kawaida hayasimamishi saa. Wapo wanaoyavuta makusudi hadi siku ya mwisho ipite.

Hatua ya 11: Wakili, na kuzikamata fedha

Chagua anayeshughulikia madai ya ajali kila siku. Muulize analipwaje: sehemu nyingine asilimia ya kitakachopatikana inaruhusiwa, nyingine imekatazwa. Uliza kama gharama za madaktari mashahidi zimo au ni za ziada, na kama fidia itapitia akaunti yake au yako. Mkataba uwe wa maandishi, ubaki na nakala.

Ukishinda na mdaiwa asilipe, hukumu hukaziwa: mshahara wake kukatwa, akaunti kushikwa, mali kuuzwa. Akikimbilia kujitangaza amefilisika, angalia sheria ya kufilisika ya huko kabla ya kukubali punguzo lolote. Marekani, kwa mfano, deni la fidia ya kifo au majeraha yaliyosababishwa na kuendesha ukiwa umelewa halifutwi kwa kufilisika, na dereva hubaki akidaiwa.